Uzi maalumu: Nebula si ndogo, ni hafifu. Tujadili namna ya kuzipiga picha kwa kamera na darubini

Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu, wakuu.

Maswali kuhusu upigaji picha wa nebula yamekuwa yakirudiwa mara kwa mara, na karibu yote huanzia mahali pamoja: "Darubini ipi inavuta zaidi?" Nimefungua uzi huu kwa sababu swali hilo, ingawa ni la kawaida kabisa kwa anayeanza, ndilo lililonipotezea miaka miwili, na naona linaendelea kuwapotezea wengine.

Nebula ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, na nyingi tunazozitamani ni kubwa sana angani. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii. Nebula ya Orion, yaani M42, iliyo kwenye upanga wa kundinyota la Jabari, ina upana unaozidi digrii moja, sawa na Miezi miwili iliyopangwa sambamba. Rosette, katika kundinyota la Munukero, nayo inazidi digrii moja, na Nebula ya Carina katika kundinyota la Mkuku hufikia karibu digrii mbili. Tunashindwa kuziona kwa sababu mwanga wake umetawanyika juu ya eneo pana mno, kiasi kwamba jicho, ambalo haliwezi kulimbikiza mwanga kwa dakika nzima kama kamera inavyofanya, halipati cha kutosha. Kazi yetu basi ni kukusanya mwanga kwa saa nyingi bila kutikisika, na kila uamuzi wa kununua, wa kupanga na wa kuchakata unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho.

Nilipoanza, nilinunua darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi au kioo hadi taswira inapokusanyika) wa milimita 2000, nikidhani kwamba kitu kilicho mbali kinadai chombo kirefu. Nilipoiunganisha na kamera yangu, ambayo kihisi chake, yaani kipande kinachonasa mwanga, kina upana wa takriban milimita 23.5, eneo lote lililoingia kwenye picha halikufika hata digrii 0.7. Nikaielekeza kwenye M42, nikapata kipande cha moyo wake tu, na nyota zilizovutika kama mistari ya chaki. Ilikuwa ni sawa na kuitazama nyumba nzima kupitia tundu la ufunguo. Leo ninatumia darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 72 na fokasi ya milimita 400, na kamera ileile inaona zaidi ya digrii tatu kwa mbili, yaani M42 pamoja na mawingu mengine yote yanayoizunguka.

Hesabu yake ni nyepesi na kila mmoja anaweza kuifanya kabla ya kutoa fedha. Chukua ukubwa wa pikseli ya kamera yako kwa maikromita, uzidishe kwa 206, kisha ugawe kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Utapata idadi ya sekunde za tao zinazoangukia kila pikseli (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii). Pikseli ya maikromita 3.9 kwenye fokasi ya milimita 400 inapata takriban sekunde 2 za tao; kwenye fokasi ya milimita 2000 inapata 0.4 tu. Kwa kuwa msukosuko wa hewa peke yake huitawanya nyota mpaka upana wa sekunde 2 hadi 4 katika usiku wa kawaida, kipimo cha 0.4 hakikuongezei undani wowote. Kinaigawa tu ile nyota iliyotawanyika katika pikseli nyingi, na kila pikseli inapata mwanga kiduchu.

Sasa nije kwenye stendi, ambayo kwangu ndiyo chombo cha kwanza, darubini ikifuata nyuma yake. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, na kwa sababu hiyo nyota zilizo karibu na ikweta ya anga husogea kwa sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa. Kwa kipimo changu cha sekunde 2 kwa pikseli, nyota inavuka pikseli saba kabla hujamaliza kusema "moja". Ndiyo maana tunahitaji stendi ya ikweta, yaani ile ambayo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo anga lote huonekana kuzunguka, na mota yake huuzungusha kwa mwendo uleule wa Dunia lakini kinyume chake. Nikiulizwa jinsi ya kugawa bajeti, husema stendi ichukue nusu, na mzigo utakaowekwa juu yake usizidi theluthi mbili za uzito ambao mtengenezaji ametangaza.

Kuulenga mhimili kwenye ncha ya anga ndiko kunakowachosha wengi. Walio kaskazini wana Nyota ya Kaskazini, ambayo ipo umbali usiofika digrii moja kutoka kwenye ncha yenyewe. Walio kusini wana Sigma Octantis, katika kundinyota la Thumni, nyota dhaifu ambayo ukiwa mjini huioni kabisa kwa macho. Walio karibu na ikweta hukuta ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti au ukungu, na tena baadhi ya stendi hazishuki hadi pembe hiyo, jambo la kukagua kabla ya kununua. Kwao ipo njia ya kutazama mteleko: unaifuatilia nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inapovuka mstari wa katikati ya anga, unaangalia kama inateleza kuelekea kaskazini au kusini, na kila inapoteleza unarekebisha mhimili kushoto au kulia hadi mteleko uishe, kisha unarudia kwa nyota iliyo chini upande wa mashariki au magharibi ili kurekebisha mwinuko. Siku hizi programu kama PHD2 inakusaidia kufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na N.I.N.A., programu ya kuendesha kamera na darubini, ina nyongeza inayopima mhimili kwa picha tatu za sehemu yoyote ya anga bila kuiona ncha.

Jambo la mwisho kwa leo ni fokasi. Alama ya umbali usio na mwisho (∞) iliyochorwa kwenye lenzi isiaminiwe hata kidogo. Mimi hutumia kifuniko cha Bahtinov, ambacho ni kipande cha plastiki chenye mipasuo katika pande tatu, kinachovalishwa mbele ya darubini. Unaielekeza kwenye nyota angavu, kwa mfano Shira, unakuza picha kwenye skrini ya kamera, na unaona miale mitatu: miwili imekatizana kama herufi X, wa tatu unapita kati yao. Ukigusa gurudumu la fokasi, ule mwale wa kati unahama. Unausogeza kwa upole, unaachia mkono, unasubiri mtikisiko utulie, unatazama tena. Unapokaa katikati kabisa ya X, umefika. Kisha rudia zoezi hilo kila baada ya saa moja au mbili, kwa sababu bomba la darubini husinyaa usiku unapopoa na fokasi huhama bila kuaga.

Nitaendelea na muda wa kupiga na upandanishaji wa picha, yaani kuziweka picha nyingi juu ya nyingine ziwe moja, lakini kwanza nakaribisha maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Asante sana, mkuu, kwa somo lililopangika. Mimi sina darubini wala stendi ya ikweta. Nina kamera, lenzi ya milimita 200 na tripodi ya kawaida. Je, nisubiri hadi nitakapopata vifaa ulivyovitaja, au kuna ninachoweza kufanya sasa hivi?

Mwanzisha uzi

Usisubiri, ndugu yangu. Ulicho nacho kinatosha kabisa kuanza, na kitakufundisha nusu ya kazi kabla hujatumia fedha zaidi.

Utakutana na kanuni inayosema ugawe 500 kwa urefu wa fokasi ili upate sekunde unazoweza kuacha shata wazi. Kwa lenzi yako itakupa sekunde 2.5. Naomba usiifuate. Kanuni hiyo inafaa picha ndogo zinazotazamwa kwa mbali. Kwenye kihisi chenye pikseli za maikromita 4, lenzi ya milimita 200 inatoa sekunde 4 za tao kwa pikseli, na ndani ya sekunde 2.5 nyota za Jabari zitakuwa zimevuka pikseli tisa. Tumia sekunde moja au chini yake, fungua lenzi hadi f/2.8 au f/4, weka ISO kati ya 1600 na 3200, hifadhi faili ghafi badala ya JPEG, na upige fremu (picha moja moja) 600 kwa intavalomita, kifaa kinachofyatua kamera chenyewe kwa vipindi. Kila baada ya dakika kadhaa rudisha kamera ili M42 ibaki katikati. Hizo ni dakika 10 za mwanga, na Siril au DeepSkyStacker, ambazo zote hupatikana bila malipo, zitazipandanisha kwa kutambua mpangilio wa nyota.

Nakupa historia kidogo ili usijione mnyonge. Picha ya kwanza ya nebula duniani ilipigwa tarehe 30 Septemba 1880 na Henry Draper, daktari wa tiba wa Marekani aliyejenga kituo chake mwenyewe cha kutazamia anga. Aliielekeza darubini ya inchi 11 kwenye Nebula ya Orion kwa dakika 51, na alichopata kilikuwa ni moyo angavu wa nebula, ukiwa umefifia kingoni. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1883, mhandisi Andrew Ainslie Common wa Uingereza akaipiga nebula hiyohiyo kwa darubini ya kioo cha inchi 36, na kwa mara ya kwanza sahani ya picha ikaonyesha nyota ambazo hakuna jicho lililokuwa limeziona kupitia darubini. Wote wawili hawakuwa waajiriwa wa kituo chochote cha falaki. Kihisi cha kamera yako kinanasa mwanga kwa ufanisi mkubwa kuliko sahani zao, na dakika zako 10 zitakuonyesha mabawa ya nebula ambayo Draper hakuyapata.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuuliza kuhusu muda. Kuna wanaopiga fremu moja ya dakika 10, na wapo wanaopiga fremu kumi za dakika moja. Mwanga unaoingia ni uleule. Je, kuna tofauti yoyote ya kweli, au ni mazoea tu ya watu?

Mwanzisha uzi

Swali hili ndilo kitovu cha mambo yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kila fremu inabeba aina kadhaa za chenga, yaani chembechembe zinazochafua picha. Zipo zinazoletwa na mwanga wenyewe, kwa kuwa fotoni hazifiki kwa mpangilio wa saa. Zipo zinazoletwa na mng'ao wa anga. Zipo zinazoletwa na joto la kihisi. Na zipo zinazoingia mara moja tu kila fremu inaposomwa kutoka kwenye kihisi. Ni hizo za mwisho peke yake zinazotofautisha fremu moja ndefu na fremu nyingi fupi. Ukipiga fremu fupi mno, unazilipia mara nyingi. Lakini pindi mng'ao wa anga unapozizidi kwa mbali, kurefusha fremu hakukuongezei kitu isipokuwa hatari, kwa maana upepo mmoja au ndege mmoja ataharibu dakika 10 badala ya dakika moja. Kipimo cha haraka ni histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye skrini ya kamera: kilima chake kikishaachana wazi na ukingo wa kushoto, kikakaa karibu na robo ya upana, fremu imetosha. Chini ya anga la mji kwa darubini ya f/5, hilo hutokea ndani ya dakika moja au mbili. Penye giza totoro inaweza kuchukua dakika tano.

Baada ya hapo kinachohesabika ni jumla ya muda. Uwiano wa mwanga wa nebula na chenga hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu, maana yake ili picha iwe safi mara mbili unahitaji muda mara nne. Kutoka saa 2 kwenda saa 8 utaona tofauti kubwa. Kutoka saa 8 ukitaka hatua nyingine kama hiyo, unahitaji saa 32, na hizo hazipatikani kwa usiku mmoja. Zinapatikana kwa kurudi kwenye shabaha ileile usiku baada ya usiku. Wengi wetu hushindwa hapa kwa kutaka nebula tano katika usiku mmoja, tukaishia na picha tano zenye chenga. Mimi sasa ninachagua shabaha moja kwa mwezi mzima.

Kuna mambo mawili madogo ambayo hayapaswi kusahauliwa. La kwanza, kati ya fremu na fremu iamuru stendi isogee pikseli kadhaa upande wowote. Usipofanya hivyo, kasoro za kihisi zitajipanga kwenye mstari mmoja na picha iliyopandanishwa itakuwa na michirizi kama mvua ya upepo, ambayo haiondoki tena kwa programu yoyote. La pili linaihusu M42 peke yake: moyo wake, zilipo nyota nne za Trapezium, unang'aa mno kuliko mabawa yake, na fremu za dakika mbili huuchoma ukawa doa jeupe. Piga pia fremu 30 za sekunde 5 hadi 10, uzipandanishe peke yake, kisha uziunganishe na zile ndefu.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuchangia kwa kutofautiana kidogo na dhana kwamba muda peke yake unatosha. Mimi naishi chini ya anga la daraja la 8 katika kipimo cha Bortle, kile kipimo cha giza la anga chenye madaraja 9, la 9 likiwa la mwanga mwingi zaidi, ambacho John Bortle alikichapisha mwaka 2001. Nilikusanya saa 10 za Rosette kwa kamera ya kawaida isiyo na kichujio, na nikapata ukungu wa rangi ya kahawia. Nilipoweka kichujio chenye kupitisha mistari miwili tu ya mwanga, saa 3 zilinipa ua zima la Rosette pamoja na mishipa yake ya vumbi. Nadhani wanaoanza mjini waambiwe ukweli huu mapema.

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana kwa mchango huu, na nakubaliana nao, kwa nyongeza moja.

Sababu ya mafanikio yako inatokana na jinsi nebula hizi zinavyowaka. Nyota changa zenye joto kali hutoa mionzi ya urujuanimno inayopokonya atomi za gesi elektroni zake, na elektroni hizo zinaporejea au kugonga atomi nyingine, gesi hutoa mwanga wa rangi maalumu tu: hidrojeni kwenye nanomita 656.3, ambao ni wekundu wa damu. Oksijeni kwenye nanomita 495.9 na 500.7, kijani chenye kuelekea samawati. Na salfa karibu na nanomita 672, nyekundu zaidi. Mwaka 1864 William Huggins alipoutawanya mwanga wa nebula NGC 6543 kwa kifaa cha kuchambua mwanga, aliona mistari michache badala ya upinde mzima, akajua kwamba anatazama gesi. Mistari ile ya kijani haikufanana na ya elementi yoyote iliyojulikana, ikadhaniwa ni elementi mpya na kupewa jina la nebulium, mpaka Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili katika gesi nyembamba kuliko inavyowezekana kuipata katika maabara. Kichujio chako kinaruhusu vijia hivyo vyembamba na kufunga karibu kila kitu kingine, na kwa kuwa taa za mji hutawanya mwanga wake kwenye rangi nyingi, sehemu kubwa yake hubaki nje. Kwa sababu hiyohiyo unaweza kufanya kazi hata Mwezi ukiwa angani.

Nyongeza yangu ni kwamba si kila nebula inawaka kwa namna hiyo. Vumbi linalozunguka nyota za Kilimia, au M78 iliyo jirani na mkanda wa Jabari, haliwaki lenyewe. Linaakisi mwanga wa nyota, na mwanga huo umeenea kwenye rangi zote huku bluu ikizidi. Ukiweka kichujio cha mistari miwili juu ya Kilimia, utafunga nebula yenyewe. Kwa shabaha kama hizo hakuna mbadala wa kusafiri kwenda penye giza, na saa moja ya giza la kweli huzidi saa nyingi za mjini.

Niongeze pia kuhusu kamera za kawaida. Mbele ya kihisi chake kuna kioo kilichowekwa ili rangi za mchana zifanane na zinavyoonwa na jicho, na kioo hicho huzuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni. M42 na Carina zinapigika hata hivyo kwa sababu zinang'aa sana, lakini Rosette au Nebula ya Amerika Kaskazini (NGC 7000) itakuumiza kichwa. Wapo mafundi wanaobadilisha kioo hicho, na zipo kamera zilizotengenezwa kwa kazi hii tangu mwanzo, zenye kipoozi cha kushusha joto la kihisi.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, kuna jamaa aliniambia kwamba rangi za picha hizi ni za kutunga, kwa sababu yeye alitazama kwenye darubini kubwa akaona kijivu kitupu. Nilikosa la kumjibu. Je, tunadanganya watu?

Mwanzisha uzi

Hapana, ndugu. Mwambie kwamba jicho lake halikumdanganya, na picha nayo haikumdanganya.

Gizani jicho hutumia seli ambazo hazitofautishi rangi, na seli hizo zinahisi zaidi mwanga wa karibu na nanomita 500, huku wekundu wa nanomita 656 zikiukosa karibu wote. Kwa hiyo ule mwanga mwekundu ambao ndio umetawala nebula nyingi haumfikii kabisa. Ndiyo sababu pia baadhi ya watu wakitazama moyo wa M42 kwenye darubini kubwa huona kivuli cha kijani: ni oksijeni, ambayo imeangukia mahali ambapo jicho lina nguvu. Kamera haina udhaifu huo. Wekundu iliouona ulikuwepo.

Hata hivyo uaminifu unatudai tuseme tulichofanya. Picha ya mistari mitatu ambamo salfa imewekwa kwenye nyekundu, hidrojeni kwenye kijani na oksijeni kwenye bluu, kama ilivyofanyika kwenye picha maarufu ya darubini ya Hubble ya mwaka 1995 inayoonyesha nguzo za Nebula ya Tai (M16), ni ramani ya gesi. Inaonyesha jambo la kweli, yaani gesi ipi iko wapi, kwa rangi zilizochaguliwa na binadamu. Mimi huandika chini ya kila picha ni mpangilio upi nimetumia, na ningependa sote tufanye hivyo. Kitu nisichokikubali ni kuchora kwa brashi kilichokosekana kwenye data, au kuachia programu ibuni nyuzi za gesi ambazo kihisi hakikuzinasa.

Mchangiaji wa pili

Nimerudi na picha yangu ya kwanza ya Rosette, saa 4. Nebula ipo, nimefurahi mno, lakini pembe zote za picha ni nyeusi na kuna viduara vya kijivu vimetapakaa, kama alama za glasi mezani. Pia fremu za baada ya saa nane usiku zote zimefifia taratibu mpaka nyota zikapotea, ingawa hapakuwa na wingu hata moja. Kosa liko wapi?

Mwanzisha uzi

Hongera sana. Fremu zilizofifia ni umande. Lenzi ya mbele hupoa kuliko hewa inayoizunguka, na unyevu hutanda juu yake polepole kiasi kwamba usipoitazama hujui. Usiifute kwa kitambaa, utaichubua. Funga mkanda wa joto kuzunguka bomba nyuma kidogo ya lenzi, uuwashe tangu mwanzo wa usiku kabla umande haujaanza, na uongeze kikinga umande kirefu mbele yake.

Viduara vile ni vumbi lililo kwenye kioo cha kihisi au kwenye kichujio, na weusi wa pembeni ni mwanga kupungua kadiri unavyotoka katikati ya lenzi. Vyote viwili huondolewa kwa fremu za mwanga sawia. Usiku ukiisha, kabla hujagusa fokasi wala kuizungusha kamera, funika mdomo wa darubini kwa kitambaa cheupe kilichonyooshwa bila mikunjo, elekeza kwenye anga la alfajiri, na upige fremu 30 ambazo histogramu yake imekaa karibu na katikati. Programu itaigawa picha yako kwa fremu hizo na madoa yatatoweka. Ukigeuza kamera hata kidogo kabla ya kuzipiga, kivuli cha punje ya vumbi isiyozunguka pamoja na kamera kitaangukia mahali pengine, na utapata viduara viwili badala ya kimoja.

Piga pia fremu za giza, kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa muda, ISO na joto lilelile ulilotumia kwa nebula, ili ziondoe pikseli zinazowaka zenyewe. Hizo unaweza kuzipiga unapofungasha vifaa. Zile za muda mfupi kabisa, za kupima kiwango cha chini cha kihisi, unapiga mara moja na kuzitumia kwa miezi.

Kwa hizo saa 4 ulizo nazo, usitupe kitu. Ondoa tu fremu zilizofifia, hifadhi faili ghafi zilizobaki, na ukipata usiku mwingine uziongeze juu yake. Data ya mwaka huu na ya mwaka ujao hupandana bila tatizo lolote ikiwa umeelekeza sehemu ileile.

Mchangiaji wa kwanza

Nimejaribu kama ulivyoelekeza, wakuu: fremu 600 za sekunde moja, lenzi ya milimita 200. Fremu moja moja zilikuwa nyeusi karibu kabisa, nikadhani nimeharibu. Nilipozipandanisha na kuinua mwanga wa histogramu, likajitokeza bawa moja la M42, kisha la pili, na juu yake kijiwingu cha bluu ambacho sikujua kama kipo. Swali langu la mwisho: sisi wa vifaa vidogo tunaweza kupata kitu ambacho wataalamu hawajakiona, au tunarudia tu yaliyokwisha kupigwa?

Mwanzisha uzi

Kijiwingu hicho cha bluu ni NGC 1977, nebula ya kuakisi, na wewe umeipata kwa tripodi. Hongera kutoka moyoni.

Kuhusu swali lako, jibu ni ndiyo, na mifano ipo. Januari 2004 Jay McNeil, mpenzi wa anga wa Marekani, alikuwa akipiga eneo la M78 kwa darubini ndogo ya inchi 3 alipokuta nebula ambayo haikuwemo kwenye picha nyingi za zamani. Nyota changa iliyojificha kwenye vumbi ilikuwa imelipuka kwa mwanga na kuliangaza wingu lililo mbele yake. Sasa inaitwa Nebula ya McNeil. Mwaka 2022 Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wakitumia kichujio cha oksijeni na zaidi ya saa 100 za mwanga, walikuta tao kubwa la gesi pembeni ya galaksi ya Andromeda. Galaksi hiyo ni miongoni mwa vitu vilivyopigwa picha zaidi angani, na bado tao hilo halikuwa limeonwa na yeyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa juu yake kwa muda mrefu namna ile kwa rangi ile. Darubini yao ilikuwa na kipenyo cha milimita 106 tu.

Mwezi unazama mapema usiku wa leo. Nimekwisha kuitoa darubini nje ili ipoe kabla ya fokasi, mkanda wa joto unawaka, na Rosette yangu ina saa 11 hadi sasa. Nitarejea kesho na fremu mpya, tuzipitie pamoja.